Hapo ni Wapi?

Mwezi wa Julai, Mbinga huwa na baridi ambayo mtu wa pwani haizoei. Nililala huko usiku mmoja chini ya mablanketi mawili, katikati ya milima ya Umatengo yenye mibuni na mashimo ya ngoro, na kesho yake nikateremka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako kuna joto na watu hukaa nje jioni. Hapo ndipo lilipoulizwa swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu, na ambalo mimi, niliyekwenda na vitabu mkobani, sikuwa na jibu lake.

Tulikuwa tumeketi barazani kwa mwenyeji wangu. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya meza, mlangoni, na watoto wa jirani wameujaza mkeka. Ilikuwa ikionyeshwa filamu ya wanyama wa ncha za dunia. Dubu mweupe akachomoza kutoka ndani ya theluji, na nyuma yake watoto wawili, wakianguka na kuinuka. Watoto mkekani wakacheka. Sauti ya msimulizi, nzito na ya upole, ilieleza kwa Kiingereza, na kijana mmoja wa sekondari akawa anawafasiria wenzake anachokidaka. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa pembeni akishona wavu wake, akanyanyua uso.

"Hapo ni wapi?"

"Kwenye barafu, babu," akajibu yule kijana.

"Barafu nimeiona. Nauliza ni wapi. Na huyo anayepiga picha kakaa wapi, hata dubu asimwone?"

Kijana akanigeukia mimi, mwalimu. Nikasema, "Ni kaskazini ya dunia, mzee." Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeulizwa nyumba ya fulani akajibu kwamba ipo Afrika. Kisha akarudi kwenye wavu wake.

Swali lile limenifuata hadi Unguja, na kila nikilitazama naliona lina matawi mawili. La kwanza: anayetuonyesha kiumbe, je, anadaiwa kutwambia kiumbe huyo ni nani khasa na yuko wapi khasa? La pili, ambalo ni gumu zaidi: akitwambia kweli juu ya kiumbe lakini akatuacha tudhani yuko mahali ambapo hayupo, je, amesema uongo?

Yuko atakayesema kwamba haya ni makubwa mno kwa filamu ya kupumzikia baada ya chakula cha usiku. Dubu ni dubu, na theluji ni theluji. Sisi wa pwani, ambao barafu yetu hutoka kwenye jokofu, tuna haja gani ya kujua kilima gani na nchi gani? Mimi naona kinyume chake. Ni sisi khasa wenye haja hiyo, kwa sababu sisi ndio tusioweza kwenda kutazama.

Hebu tuyaangalie maneno yenyewe. Lugha yetu ilimjua dubu kabla ya macho yetu kumjua. Neno hilo tumelipokea kutoka kwa Waarabu, kama tulivyopokea kwao theluji. Na barafu ikatujia kutoka kwa Waajemi. Pengwini amekuja juzi tu, kwa njia ya Wazungu. Hakuna hata mmoja katika hao aliyezaliwa mwambaoni kwetu. Tumeyapokea majina yao kama mtu anavyopokea mzigo uliofungwa, bila ya kuufungua, kwa kumwamini aliyeuleta. Sehemu kubwa ya ujuzi wa mwanadamu ni ya namna hiyo. Nani kati yetu amewahi kupima mwendo wa kwenda mwezini? Tumeambiwa, tukakubali.

Kukubali huko kuna jina lake katika maadili yetu, nalo ni amana. Na kila aliyelelewa katika visiwa hivi anaijua hukumu ya amana: kadiri mwenye mali anavyokuwa mbali, asiweze kuja kuihesabu, ndivyo dhima ya aliyewekewa inavyozidi kuwa nzito. Mlinzi wa mali ya yatima ana dhima kubwa kuliko mlinzi wa mali ya tajiri anayepita kila asubuhi kukagua. Ikiwa hivyo ndivyo, basi anayemwonyesha mvuvi wa Nyasa dubu wa Aktiki anabeba amana nzito kuliko anayemwonyesha dubu huyo mtu wa Aktiki mwenyewe. Huyu wa pili akidanganywa atacheka. Yule wa kwanza ataamini.

Tusizungumze hewani, kipo kisa kinachojulikana. Mwaka 2011 BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, lilionyesha mfululizo wa filamu ulioitwa Frozen Planet, msimulizi wake akiwa David Attenborough. Katika sehemu moja watazamaji walionyeshwa dubu jike katika nyika ya theluji ya kaskazini. Kisha picha ikaingia ndani ya pango, na humo wakaonekana vitoto vichanga vya dubu vikiwa na mama. Mwezi wa Disemba mwaka huo magazeti ya Uingereza yakalivalia njuga jambo moja: picha za ndani ya pango hazikupigwa Aktiki. Zilipigwa katika bustani ya wanyama nchini Uholanzi, katika pango lililotengenezwa na binadamu.

Waandaaji walijitetea, na utetezi wao unastahili kusikilizwa kwa haki. Walisema hawakuficha kitu, kwani maelezo ya namna picha zilivyopigwa yalikuwapo kwenye tovuti yao. Walisema pia kwamba haiwezekani kuingiza kamera katika pango la dubu wa mwituni aliyejifungua: mama akishtuka anaweza kuwaua watoto wake, au kumuua mpigapicha. Naye Attenborough akaongeza kwamba kulitaja jambo hilo katikati ya masimulizi kungeharibu hali iliyokwisha kujengwa kwa mtazamaji.

Hoja ya huruma kwa mnyama naikubali yote. Pango la dubu si ukumbi wa sinema, na afadhali dunia nzima ikose picha kuliko kitoto kimoja kiuawe kwa ajili yetu. Lakini tuangalie hoja hiyo inafika wapi. Inafika kwenye pango la bandia na kusimama hapo. Huruma ilihalalisha kupiga picha Uholanzi. Haikuhalalisha kunyamaza kuhusu Uholanzi. Hayo ni matendo mawili, na tendo la pili halina uhai wa mnyama wa kulitetea. Lina uzuri wa simulizi tu. Hapo ndipo mizani inapowekwa: upande huu uzuri, upande ule amana.

Wengine wakasema kwamba hakuna uongo uliotamkwa, kwa kuwa msimulizi hakusema kwa kinywa chake, "Pango hili liko Aktiki." Hoja hii huenda ikauzika kwingine, lakini sidhani kama itauzika Zanzibar. Sisi ni watu wa mafumbo. Mwimbaji wa taarabu hamtaji mtu kwa jina, wala mwenye kanga hasemi neno. Anapita tu mlangoni kwa jirani yake. Kesho akishitakiwa, atasema, "Mimi sikumtaja mtu." Nani atamwamini? Maana ilikuwamo katika kule kupita, saa ile, mbele ya mlango ule. Na picha nazo ni hivyo hivyo. Ukiweka nyika ya theluji, kisha ukaweka pango, umekwisha kusema kwamba pango limo katika nyika ile. Mfuatano ni kauli, na mwenye kauli huulizwa juu yake.

Kisa cha dubu ni chepesi ukikilinganisha na kile cha mwaka 1958. Mwaka huo kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa filamu ya wanyama wa kaskazini iliyoitwa White Wilderness, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar ya filamu za kumbukumbu. Ndani yake wanaonekana wanyama wadogo jamii ya panya, waitwao lemingi, wakikimbia kwa makundi na kujirusha kutoka gengeni hadi baharini, kana kwamba wamekubaliana kujiua. Mwaka 1982 televisheni ya taifa ya Kanada ikafichua ukweli. Picha zilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari na ambalo lemingi hao si wenyeji wake. Walinunuliwa kwa watoto katika jimbo jingine, wakasafirishwa, wakazungushwa kwenye meza ya kuzunguka ili wachache waonekane wengi, kisha wakasukumwa gengeni. Maji yale yalikuwa ya mto.

Angalia jinsi uongo juu ya mahali ulivyozaa uongo juu ya kiumbe. Lemingi hawajiui. Huhama wanapozidi kuwa wengi, na baadhi yao hufa maji wakivuka, kama wafavyo wasafiri wote. Lakini hadi leo, katika lugha nyingi za dunia, ukitaka kuwatukana watu wanaofuata mkumbo hadi kwenye maangamizi, unawaita lemingi. Mnyama mzima amepewa tabia asiyokuwa nayo, na hana mahali pa kukata rufaa. Wahenga walisema njia ya muongo ni fupi. Njia hii ilikuwa na urefu wa miaka 24 kabla ya kufikiwa mwisho wake, na wanaoendelea kuipita bado ni wengi.

Siku ya tatu ya kukaa kwangu Mbamba Bay nilimwendea tena yule mzee, asubuhi, wakati kina mama walipokuwa wakianika dagaa. Nilikuwa na kompyuta yangu, na ndani yake filamu nyingine ya BBC, ile ya mwaka 2006 iitwayo Planet Earth, sehemu yake inayohusu maji baridi. Ziwa lile limo katika filamu hiyo, kwa jina la Ziwa Malawi. Nilitaka kumfurahisha, nilidhani atafurahi kuliona ziwa lake likitazamwa na dunia.

Zikaja kwanza picha za inzi wa ziwa, wale wanaopanda juu ya maji kwa mamilioni hata ukadhani kuna moshi wa meli inayoungua. Mzee akatikisa kichwa kwa kuwatambua. "Hawa hawana kwao," akasema. "Upepo ukiwapeleka huku, ni wa huku. Ukiwapeleka ng'ambo, wanaliwa ng'ambo." Kisha wakaja samaki wa kwenye miamba, wa buluu na manjano, wakizunguka mawe yao. Akasogeza uso karibu na kioo. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema:

"Ziwa ni letu. Mawe si yetu."

"Umejuaje, mzee?"

"Kwa samaki, mwanangu. Hawa wa mawe hawatoki kwao. Wa Lundo ni wa Lundo, wa Puulu ni wa Puulu. Hawa siwajui mimi."

Niliporudi nilisoma, nikakuta kwamba wanasayansi wanasema vile vile kwa maneno marefu. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi na urefu unaokaribia kilomita 600, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wale wa miambani, ambao wapenzi wa samaki wa mapambo huwaita mbuna, hushikamana na mawe yao. Jike hulea mayai na vitoto mdomoni mwake, na anapoviachia huviachia pale pale alipo. Mchanga mtupu kati ya mwamba na mwamba, au kilindi kati ya kisiwa na pwani, kwao ni kama jangwa. Basi miaka elfu kwa maelfu kila mwamba umelea watu wake, na rangi zikatofautiana kutoka rasi hadi rasi. Ndiyo maana wajuzi hawatosheki na kulitaja jina la samaki peke yake. Hulifuatisha na jina la mahali alipopatikana.

Hapa ndipo nilipolielewa swali la mzee. Mtu aliyekulia karibu na mawe yale hawezi kutenganisha "nani" na "wapi". Kwa inzi wa ziwa, mahali ni ajali ya upepo; ukikosea mahali hujamkosea sana inzi. Kwa samaki wa mwamba, mahali ni nusu ya nafsi yake. Ukikosea mahali umemwita kwa jina la mwingine. Basi deni la kutaja mahali haliwi sawa kwa kila kiumbe. Linakuwa kubwa kadiri mahali panavyoshiriki katika kumfanya kiumbe awe alivyo.

Sasa tumrudie dubu wetu na pango lake la Uholanzi. Je, yeye ni inzi au ni mbuna? Kitoto cha dubu kinanyonya vile vile popote kilipozaliwa, na mtu anaweza kusema kwamba hapa mahali hapabadilishi kitu. Lakini mama wa Aktiki amejifungia pangoni miezi kadhaa bila ya kula, na atakapotoka itampasa kutembea juu ya barafu ya bahari kutafuta sili. Barafu ikiwa imeyeyuka mapema, hakuna sili, na maziwa yanakauka. Mama wa bustanini huletewa chakula na mlinzi. Tunapomtazama yule wa kwanza moyo wetu hushikwa na khofu: je, watapona? Khofu hiyo ndiyo kiini cha simulizi, na chanzo chake ni mahali. Kuichukua khofu ya Aktiki na kuivisha vitoto vya Uholanzi ni kututoza huzuni kwa deni ambalo halipo. Na siku tutakapoambiwa, kwa haki, kwamba barafu ya kaskazini inapungua kweli, aliyewahi kutozwa bure atasita kulipa.

Nisije nikaeleweka kwamba najenga hoja ya kugombania jina la ziwa. Filamu ile ililiita Ziwa Malawi, na ndivyo wanavyoliita wenzetu wa ng'ambo. Msumbiji wanaliita Niassa. Livingstone alipofika mwaka 1859 aliandika Nyassa, kwa kusikia neno ambalo kwa wenyeji lilikuwa na maana ya ziwa lenyewe, na tangu hapo sisi tunasema Ziwa Nyasa, yaani Ziwa Ziwa. Mpaka wa majini umekuwa na mzozo tangu Uingereza na Ujerumani zilipowekeana saini mwaka 1890, katika mkataba ule ule ulioitia Zanzibar mikononi mwa Waingereza. Na mwaka 2012 mzozo huo ulipamba moto upya kwa habari za utafutaji wa mafuta. Hayo yana wenyewe wa kuyasuluhisha. Mzee wangu hakulalamika hata mara moja juu ya jina Malawi. Alichokataa ni mawe.

Watu wa mwambao ule, hata hivyo, wanajua maana ya mahali kupewa jina na mpita njia. Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, ina mwamba ambao Wajerumani waliufananisha na lile sanamu la Misri lenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen. Na kwa jina hilo Liuli imeingia katika vitabu vya vita, kwa kuwa Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliishambulia hapo meli ya Wajerumani. Huko kusini ya dunia nako, Dumont d'Urville, baharia wa Kifaransa, alifika mwaka 1840 na kuiita nchi ya barafu kwa jina la mkewe, Adèle. Na pengwini mmoja wa huko akaitwa Adélie. Hapo hapo ndipo ilipopigwa filamu ya Kifaransa ya mwaka 2005 juu ya safari ya pengwini wakubwa wa Antaktiki, ambayo katika lugha yake ya asili iliwapa ndege hao sauti za binadamu. Mgeni hutaja anachokikumbuka kwao. Si dhambi. Ni kumbusho kwamba kila jina lina aliyelitoa, na aliyelitoa alikuwa amesimama mahali.

Lakini je, inatosha kutaja mahali? Hapa hoja yangu inanigeukia, na ni haki niigeukie nayo.

Biashara ya samaki wa mapambo hutaja mahali kwa uaminifu unaozidi wa watengeneza filamu. Katika Ulaya wapo watu wenye matangi ya vioo majumbani mwao, na juu ya tangi utasoma Mbamba Bay, au Lundo, au Hongi, kisiwa kidogo cha mwambao ule ule. Mwenye tangi hakubali samaki wa mwamba huu achanganywe na wa mwamba ule. Basi je, huyo ndiye mtu mwadilifu niliyekuwa nikimtafuta? Sivyo. Mahali pametajwa kwa usahihi kwa sababu pana bei. Samaki amebeba jina la Hongi hadi kwenye baridi ya Ulaya, lakini kwa mtoto wa Hongi hapakurudi kitu, hata habari tu kwamba jina la kwao linajulikana huko.

Na sisi wa Unguja tusicheke. Kulikuwa na soko hapa, lililofungwa mwaka 1873, ambalo nalo lilijua sana kutaja mahali. Misafara ilitoka ziwani ikapita hadi Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yakaja hapa yakiwa yamejaa watu. Aliyefika aliitwa Mnyasa, au Myao, au Mngindo. Jina alilopewa na mama yake liliweza kupotea njiani. Jina la alikotoka likabaki, kwa kuwa mnunuzi alitaka kujua ananunua nini. Wengi waliobeba jina la Mnyasa katika visiwa hivi walizaa, wakazika, wakaimba, wakawa ndio sisi. Lakini neno lenyewe lilipotamkwa mara ya kwanza sokoni halikuwa heshima. Lilikuwa ni alama juu ya gunia.

Kwa hiyo kusema kweli juu ya mahali hakutoshi. Lazima iulizwe pia kweli hiyo inasemwa kwa ajili ya nani. Mnunuzi husema kweli kwa ajili ya mali yake. Mwenye filamu hunyamaza kwa ajili ya uzuri wa kazi yake. Wote wawili wamemwacha nje yule anayetajwa, na yule anayesikiliza. Kutaja kwenye maadili ni kutaja kunakoweka mlango wazi: huyu ni fulani, yuko mahali fulani, mimi nilisimama hapa nikamtazama, nawe ukiweza, nenda ukamtazame, na ukinikuta nimekosea, nirudi.

Wapenzi wa ushairi, ambao ndio wengi wa wasomaji wa kurasa hizi, huenda wakaniuliza: na mshairi je? Mbona yeye hupanda jahazi ambalo halikupata kuundwa, akashukia bandari isiyo katika ramani, na hatumwiti muongo? Hatumwiti hivyo kwa sababu baina yake na sisi pana mkataba. Tunapoketi kumsikiliza, tumekubaliana kwamba bandari yake imo kifuani mwake. Filamu ya wanyama nayo imeketi kwa mkataba mwingine: imetwambia, kwa sura yake yote, kwamba hayo yalitokea mbele ya jicho la kamera. Kuhama kimyakimya kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, na kumwacha msikilizaji katika ule wa kwanza, ndiko ninakokuita kuvunja amana.

Tena mafundi wetu wa zamani walituachia kigezo. Mtunzi wa utenzi aghalabu hakuufunga utenzi wake bila ya kaditamati, na humo alikuwa akijitaja jina, pengine na mji wake, na mwaka aliomalizia. Hakuona kwamba kujitaja kunaharibu hali ya simulizi. Baada ya vita na miujiza, baada ya kutuliza, alijitokeza mwenyewe akasema: haya nimeyatunga mimi fulani, wa mahali fulani, na penye kosa mnisamehe. Msikilizaji akarudi nyumbani akijua amechukua nini na kwa nani. Ni haki kusema kwamba baadhi ya filamu za siku hizi zimeanza kufanya hivyo. Ile Planet Earth ilikuwa na kipande mwishoni kinachoonyesha wapigapicha wakiwa kazini. Kaditamati hiyo iwe ndefu, na isiogope kusema "bustanini". Dubu wa Uholanzi alinyonyesha kweli, na angetajwa kwa lililo lake asingepungukiwa uzuri kwa lolote.

Jioni ya mwisho nilimsindikiza mzee hadi mtumbwini. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbali taa za wavuvi wa dagaa zilikwisha kuanza kujipanga kama mji uliojengwa majini. Nikamwambia kwamba nimepata habari za dubu. Nikamweleza habari za Uholanzi, pango la kutengenezwa, na chakula kinacholetwa na mlinzi. Sikuwa na hakika kwamba filamu tuliyoitazama ni ile ile, na hilo nalo nikamwambia.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja juu ya ukingo wa mtumbwi. Nilimtarajia aseme kwamba tumedanganywa.

"Basi yuko kifungoni," akasema. "Maskini, na watoto wake."

Akasukuma mtumbwi majini. Usiku ule barazani tulikuwa tumemwonea khofu dubu wa theluji, ambaye pengine hakuwapo. Dubu aliyekuwapo, mwenye mlango uliofungwa kwa nje, hakupata huruma ya mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyetwambia alipo. Alipotajwa mahali pake, huruma ilimfika, kutoka ufukweni mwa Nyasa, kwa mtu ambaye hatamwona milele.